Mshono wa Hadithi: Historia ya Kuunganisha Maonyesho, kutoka Ukanda wa Filamu hadi Akili Mnemba

Katika kazi ya filamu, shoti ni kipande cha picha kinachopatikana tangu kamera ianze kunasa hadi isimame. Onyesho ni shoti moja au zaidi zinazosimulia jambo linalotukia mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Na hadithi ni maonyesho kadhaa yaliyopangwa na kuunganishwa hata mtazamaji akaamini kwamba mtu aliyetoka mlangoni katika onyesho la kwanza ndiye anayeonekana barabarani katika onyesho la pili. Imani hiyo, ambayo leo humjia mtazamaji bila yeye kuifikiria, ilijengwa kwa kazi ya miaka mingi, na kila kilipozuka chombo kipya cha kutengenezea picha ilibidi ijengwe upya. Mitambo ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, inayotengeneza video kutokana na maelezo ya maandishi, imeirudisha kazi hiyo karibu na chanzo chake, kwa maana hutoa shoti ya kupendeza kwa dakika chache, lakini mhusika wa shoti hiyo akihitajika tena katika shoti inayofuata, mara nyingi huja mwingine anayefanana naye tu. Historia ya mshono huu kati ya onyesho na onyesho inafundisha mambo mawili: kwamba kumfanya mhusika abaki yuleyule kumekuwa siku zote kazi ya mikono na kumbukumbu za watu, na kwamba hakimu wa kazi hiyo ni mtazamaji, ambaye uwezo wake, hasa barani Afrika, uliwahi kudharauliwa kwa kosa kubwa.

Ukanda mmoja, kisa kimoja

Onyesho la sinema la Auguste na Louis Lumière lililofanyika katika mkahawa wa Grand Café jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa mwanzo wa sinema ya kulipia kiingilio, lilikuwa na filamu 10, kila moja ikiwa shoti moja isiyofika dakika moja, kwa kuwa ukanda ulioingia katika kamera yao ulikuwa na urefu wa takriban mita 17. Katika mojawapo ya filamu hizo, kisa cha mtunza bustani anayerushiwa maji usoni na mpira wake mwenyewe wa maji, baada ya kijana mtundu kuukanyaga kisha kuuachia, kilianza na kuisha mbele ya kamera iliyosimama mahali pamoja, na hakikuhitaji mshono wowote kwa sababu hakikuondoka bustanini. Katika miaka hiyo chombo ndicho kilichoamua ukubwa wa hadithi, na msimulizi alitafuta kisa kinachoenea katika ukanda, kama fundi cherehani anavyokata nguo kulingana na kitambaa alicholetewa.

Georges Méliès, mfanya mazingaombwe aliyejenga studio ya vioo huko Montreuil, kando ya Paris, alivuka mpaka huo kwa kubandika vipande vingi pamoja, na filamu yake ya mwaka 1902, Le Voyage dans la Lune, iliwachukua watazamaji kutoka mkutano wa wataalamu hadi karakana, kutoka karakana hadi mwezini, na kutoka mwezini hadi baharini. Hata hivyo mishono yake ilikuwa bado ile ya jukwaa la michezo ya kuigiza, ambapo pazia hufunga onyesho moja kabla ya lingine kuanza. Chombo cha wasafiri kinapofika, mtazamaji hukiona kikijichoma katika jicho la mwezi wenye uso wa mtu, kisha katika onyesho linalofuata hukiona kikitua tena juu ya ardhi ya mwezi, kana kwamba safari moja imefika mara mbili. Marudio hayo hayakuhesabiwa kuwa kosa, kwa kuwa kila onyesho lilichukuliwa kuwa picha kamili inayojitegemea, na tukio liliweza kuelezwa upande huu hadi mwisho kabla ya kuelezwa upande wa pili.

Mazoea hayohayo yanaonekana katika filamu ya Edwin S. Porter ya mwaka 1903, Life of an American Fireman, ambamo askari wa zimamoto anamwokoa mama na mtoto kutoka chumba kinachowaka, na uokoaji mzima unaonyeshwa kwanza kutoka ndani ya chumba, kisha unarudiwa mzima kutoka nje ya nyumba. Kwa muda mrefu nakala nyingine ya filamu hiyo, iliyohaririwa upya baadaye kwa kupishanisha vipande vya ndani na vya nje, iliwafanya wanahistoria waamini kwamba Porter alikwisha kuugundua mshono wa kisasa, mpaka nakala iliyowekwa kwa ajili ya hakimiliki katika Maktaba ya Bunge la Marekani ilipothibitisha mpangilio wa awali. Kosa hilo la wanahistoria lina funzo ndani yake: watu waliokwisha kuizoea mishono ya wakati wao hawakuweza kudhani kwamba kulikuwa na siku ambapo haikuwapo. Ni D. W. Griffith, aliyeanza kuongoza filamu katika kampuni ya Biograph mwaka 1908, ambaye kwa filamu nyingi fupi aliwazoeza watazamaji kuyaona matukio ya mahali tofauti yakipishana, kama vile katika The Lonely Villa ya mwaka 1909, ambamo wezi wanavunja mlango wa nyumba huku baba wa nyumba hiyo akiwa mbioni kurudi.

Mtu mmoja kutoka kwa wengi

Aliyeuchunguza mshono kama mwanasayansi anavyochunguza mada yake ni Lev Kuleshov, mwalimu wa filamu jijini Moscow, aliyefanya majaribio yake katika miaka iliyofuata mapinduzi ya mwaka 1917. Jaribio lake linalokumbukwa zaidi, ingawa ukanda wenyewe haukubaki na maelezo ya wenzake hayalingani, lilichukua shoti moja ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso usioonyesha hisia yoyote, na kuiunganisha na shoti za vitu vingine, kikiwamo chakula na jeneza. Watazamaji, kwa mujibu wa maelezo hayo, waliuona uso uleule ukiwa na njaa mahali pamoja na ukiwa na huzuni mahali pengine. Maana ilitoka katika kukutana kwa shoti mbili, na aliyeizalisha alikuwa mtazamaji.

Jaribio la pili la Kuleshov halitajwi sana, lakini ndilo linalogusa moja kwa moja tatizo la leo. Alipiga picha za karibu za wanawake kadhaa, akachukua midomo ya mmoja, miguu ya mwingine, mgongo wa mwingine na macho ya mwingine, kisha akaviunganisha vipande hivyo hadi vikaleta picha ya mwanamke mmoja ambaye hakuwapo popote duniani. Kuleshov alianza na watu wengi akapata mtu mmoja. Mitambo ya sasa hupewa maelezo ya mtu mmoja ikatoa watu wengi. Katika hali zote mbili linaloonekana ni lilelile, yaani kwamba umoja wa mhusika hautoki ndani ya picha, bali hutengenezwa na anayeziunganisha na kukubaliwa na anayezitazama.

Kwa kuwa filamu za waigizaji wa kweli kwa kawaida hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi, na mlango anaoingilia mhusika unaweza kupigwa picha wiki mbili baada ya chumba anachokuta nyuma yake, studio za Marekani na Ulaya zilizaa kazi maalumu ambayo kwa Kiswahili inaweza kuitwa utunzaji wa mwendelezo. Mtunza mwendelezo, ambaye kwa miongo mingi alikuwa karibu kila mara mwanamke na ambaye jina lake halikutangazwa sana, aliketi kando ya kamera na daftari, akiandika kifungo gani cha shati kilikuwa wazi, sigara ilibaki urefu gani, glasi ilishikwa kwa mkono upi na nywele zilikuwa zimelowa kiasi gani, ili onyesho litakalopigwa siku nyingine liweze kushonwa na hili bila mshono kuonekana. Daftari lake ndilo lililokuwa kumbukumbu ya filamu, kwa maana kamera hainasi ila kilicho mbele yake, na haijui ilinasa nini jana.

Mahitaji yalikuwa makubwa zaidi kwa wachoraji wa filamu za katuni, ambao hawakuwa na mwigizaji mwenye uso wake wa kudumu, na ambao kila picha walianza na karatasi tupu. Winsor McCay alipotengeneza Gertie the Dinosaur mwaka 1914, yeye na msaidizi wake walichora maelfu ya karatasi, na kwenye kila karatasi ilibidi miamba na miti ya nyuma ichorwe upya, hata mistari yake inaonekana ikitetemeka. Mwaka huohuo Earl Hurd aliomba hataza ya kuchora mhusika juu ya karatasi ya seluloidi inayopitisha mwanga, ili mandhari ichorwe mara moja tu na kubaki ilivyo. Katika studio ya Walt Disney, mwanzoni mwa miaka ya 1930, ulienea mtindo wa kubandika michoro midogo ya hadithi ukutani kwa mfuatano, ili waandishi na wachoraji waione hadithi nzima kabla ya kuchora hata shoti moja. Huu ndio ubao wa hadithi unaotumiwa hadi leo. Pamoja nao zilikuja karatasi za mhusika, yaani michoro inayomwonyesha mtu yuleyule kutoka mbele, ubavuni na nyuma, akicheka na akikasirika, pamoja na vipimo vya kichwa na mwili wake. Bila karatasi hizo, Snow White and the Seven Dwarfs, iliyozinduliwa Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937 na iliyopitia mikono ya mamia ya wachoraji, ingekuwa na binti mfalme tofauti katika kila onyesho.

Vugiri, London na kuku aliyeonekana

Wakati wachoraji wa California walipokuwa wakitafuta namna ya kumdumisha mhusika, katika milima ya Usambara, Tanganyika, lilikuwa likifanyika jaribio lililouliza swali jingine: ni nani anayeweza kuusoma mshono? Jaribio hilo, lililojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, lilikuwa na makao yake Vugiri kati ya mwaka 1935 na 1937, likasimamiwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka shirika la Carnegie la New York, na likatengeneza filamu fupi zipatazo 35 zilizotembezwa kwa gari kutoka kijiji hadi kijiji katika makoloni ya Waingereza ya Afrika Mashariki na Kati. Waigizaji walikuwa wenyeji, na maelezo yalisemwa kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, yakachezwa kwa sahani za santuri kando ya picha. Filamu kuhusu benki ya akiba ya posta, kwa mfano, iliwafuata watu wawili, mmoja akiweka fedha zake posta na mwingine akizifukia ardhini ambako mwizi anazikuta, na kwa hiyo ilimtaka mtazamaji ashike nyuzi mbili za hadithi kwa wakati mmoja.

Serikali ya Uingereza haikuliendeleza jaribio la Vugiri, na mwaka 1939 iliundwa London Idara ya Filamu za Makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya nchini Nigeria na aliyekwisha kutumia filamu katika mafunzo ya afya huko. Idara hiyo ilifuata kanuni iliyokuja kuwa kama imani: mtazamaji wa Kiafrika asiyejua kusoma hawezi kuufuata mkato wa ghafla, kwa hiyo filamu yake iende polepole, shoti ziwe ndefu, hila za kamera ziepukwe, na mtu akitoka mahali pamoja kwenda pengine aonyeshwe akitoka, akitembea na akifika. Kwa maneno mengine, mtazamaji huyo aliandaliwa hadithi ambayo mishono yake imepunguzwa hadi karibu kutoweka, kana kwamba sinema ingeweza kumrudisha katika bustani ya Lumière.

Kisa kilichotumiwa sana kuitetea imani hiyo kilisimuliwa na John Wilson wa Chuo Kikuu cha London, na Marshall McLuhan alikieneza katika kitabu chake cha mwaka 1962, The Gutenberg Galaxy. Filamu iliyotengenezwa kwa mwendo wa polepole, ikionyesha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama, ilionyeshwa kwa wanakijiji, na walipoulizwa wameona nini walijibu kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba ndani yake kulikuwa na kuku, na ilibidi waikague fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, ndipo walipomkuta akikatiza pembeni kwa muda wa kama sekunde moja. Wilson na McLuhan walilichukua jibu hilo kuwa dalili ya jicho lisilofundishwa, linaloshika vitu vidogo na kukosa picha nzima. Lakini kisa chenyewe, kikisomwa bila dharau, kinasema kinyume: wanakijiji waliona kilichokuwamo, na waliotengeneza hawakuona. Katika filamu ambayo mambo yake yote yaliendeshwa polepole mno, kiumbe pekee aliyetenda jambo lisilotarajiwa ndiye aliyestahili kutajwa.

Imani ya Idara ilikuwa imekwisha kukanushwa pia na miji ya pwani. Zanzibar ilikuwa na jumba la sinema la Royal tangu mwaka 1921, na watazamaji wa Unguja na Dar es Salaam, wengi wao wasiojua Kihindi wala Kiingereza, walizipenda filamu za Bombay ambazo hadithi zake huruka miaka kwa wimbo mmoja. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliyopata mapenzi makubwa katika pwani hiyo, inaanza mahakamani na kurudi nyuma hadi kabla ya mshtakiwa kuzaliwa, na hakuna mtazamaji aliyehitaji kuonyeshwa njia ya kupita kati ya wakati huu na ule. Sababu haiko mbali. Msimulizi wa hadithi za Kiswahili amekuwa akikata na kuunga tangu zamani: humwacha mfalme kasrini kwa kusema tumwache huyo, akarejea kwa kijana aliyeko msituni, na msikilizaji hubaki amewashika wote wawili mpaka watakapokutana. Mshono ulikuwamo katika lugha kabla ya kuingia katika ukanda.

Sauti ya msimulizi ilizidi kuushikilia mshono huo hata sinema ilipobadilika. Japani ya enzi ya filamu zisizo na sauti ilikuwa na benshi, mtu aliyesimama kando ya turubai akiieleza picha na kuwasemea wahusika, na ustadi wake ulivuta watu kuliko jina la filamu. Mikanda ya video ilipoenea katika Afrika Mashariki, kazi inayofanana na hiyo ilizaliwa upya katika vibanda vya video: Lufufu nchini Tanzania, VJ Jingo nchini Uganda na DJ Afro nchini Kenya walipata sifa kwa kuzifasiri filamu za nje kwa lugha za watazamaji wao, wakijaza kwa maneno kila pengo ambalo filamu iliruka, wakimpa mhusika jina la mtaani na kumkumbusha mtazamaji kwamba huyu anayeingia ndiye yule aliyepigwa mwanzoni. Picha zilitoka Hong Kong au Marekani, lakini mshono ulipigwa Kariakoo na Kampala.

Picha kutoka kwenye chenga

Kompyuta, katika hatua yake ya kwanza, haikulirudisha tatizo la mhusika, ililimaliza. Katika Toy Story ya mwaka 1995 kila mhusika alikuwa sanamu ya hesabu iliyohifadhiwa katika kompyuta, na kamera ya kubuni iliweza kumzunguka kutoka pande zote bila uso wake kubadilika hata kidogo. Mitambo ya akili mnemba ilikuja kwa njia nyingine kabisa, kwa maana haihifadhi sanamu ya mtu yeyote, na njia hiyo inafaa kuelezwa kwa sababu ndani yake ndimo chanzo cha mhusika anayegeukageuka.

Njia iliyoenea zaidi huitwa difusheni. Wazo lake liliwekwa wazi na Jascha Sohl-Dickstein na wenzake mwaka 2015, na makala ya Jonathan Ho, Ajay Jain na Pieter Abbeel ya mwaka 2020 ikaonyesha kwamba linaweza kutoa picha bora. Katika mafunzo, picha halisi huharibiwa hatua kwa hatua kwa kuongezewa chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, na modeli, yaani mtandao mkubwa wa hesabu, hufundishwa kukisia ni chenga zipi zilizoongezwa ili iziondoe. Baada ya mafunzo, modeli hupewa chenga tupu pamoja na maelezo ya maandishi, nayo huziondoa kidogo kidogo, ikielekezwa na maelezo hayo, mpaka picha inatokea. Kwa video, fremu zote za kipande husafishwa kwa pamoja, na modeli hulinganisha sehemu za fremu moja na sehemu za fremu nyingine, ndiyo maana ndani ya kipande kimoja mtu hubaki yuleyule. Ulinganishaji huo, ukifanywa kati ya kila sehemu na kila sehemu, una gharama kubwa, kwa kuwa urefu wa video ukiongezwa mara 2 idadi ya ulinganisho huongezeka mara 4; kipande cha sekunde 8 chenye fremu 24 kwa sekunde tayari kina fremu 192. Hivyo, kama ilivyokuwa kwa mita 17 za ukanda wa Lumière, chombo kimerudi kuamua ukubwa wa shoti.

Kipande kinachofuata huanza na chenga nyingine. Modeli haikumbuki ilimpa mhusika paji gani la uso, na maelezo kama "mwanamke wa makamo aliyevaa gauni la bluu" yanawaenea wanawake wasiohesabika, kila mmoja akiwa jibu sahihi. Anayetaka hadithi ya maonyesho 10 hujikuta na wanawake 10.

Jitihada za kuuvuka mpaka huo zilianza mapema. Mwaka 2022, Meta ilipotangaza Make-A-Video na Google ilipotangaza Imagen Video, watafiti wa Google walionyesha pia mfumo ulioitwa Phenaki, uliopokea mfululizo wa sentensi na kutoa video ya zaidi ya dakika 2 iliyobadilika kadiri sentensi zilivyobadilika. Lakini picha zake ziliyeyuka kutoka hali moja kuingia nyingine bila mkato, hadithi ikasonga kama ndoto. Mwaka 2023 kampuni ya Runway iliwafungulia watu wa kawaida modeli yake ya Gen-2, iliyotoa vipande vya sekunde chache. Tarehe 15 Februari 2024 OpenAI ilitangaza Sora, na miongoni mwa video za mfano ilikuwamo moja iliyofanana na tangazo la filamu, ambamo msafiri wa anga mwenye kofia nyekundu ya sufu alibaki akitambulika katika shoti kadhaa. Kofia hiyo inastahili kuangaliwa, kwa kuwa watazamaji walimjua mtu kwa vazi kabla ya kumjua kwa uso.

Wasanii wa kundi la shy kids la Toronto, waliopewa Sora kabla ya umma, walilitumia jambo hilohilo katika filamu fupi ya Air Head ya mwaka 2024, inayomhusu mtu ambaye kichwa chake ni puto la manjano. Mhusika asiye na uso hawezi kubadilika uso, na kila maelezo yaliyopewa mashine yalirudia kwa ukamilifu vazi lake na aina ya puto lake. Hata hivyo, kwa maelezo ya wasanii wenyewe, walitengeneza vipande vingi kupita kiasi ili wapate vichache vya kutumia, na wakalazimika kusahihisha kwa mkono mambo ambayo mashine iliyaongeza bila kuombwa. Miezi iliyofuata ilileta Kling ya kampuni ya Kuaishou ya China na modeli nyingine nyingi. Mwezi Machi 2025 Runway ilitoa Gen-4, ambayo mtumiaji huipa picha ya mhusika ili imdumishe katika maonyesho tofauti. Na mwezi Mei 2025 Google ilitoa Veo 3, inayotengeneza picha pamoja na sauti, na Flow, chombo cha kupanga vipande hivyo kuwa hadithi.

Daftari limerudi

Anayeitazama kazi ya watengenezaji wa hadithi hizi leo anaona ufundi wa zamani ukirudi mmoja baada ya mwingine. Kwanza huandikwa hadithi na kugawanywa katika maonyesho, kisha hutengenezwa picha ya kila mhusika kutoka mbele, ubavuni na nyuma, ambayo ni karatasi ya mhusika ya wachoraji wa katuni. Michoro ya maonyesho yote hupangwa kwa mfuatano kabla ya hata moja kupewa mwendo, ambao ni ubao wa hadithi. Maelezo ya sura, vazi na mahali huandikwa mara moja na kunakiliwa neno kwa neno katika kila agizo, pasipo kubadilisha hata kivumishi, ambalo ni daftari la mtunza mwendelezo. Fremu ya mwisho ya kipande kimoja hupewa mashine iwe fremu ya kwanza ya kipande kinachofuata, na panapokosekana ufanani, shoti hukatwa mapema au huingizwa picha ya mkono, ya mlango au ya anga, ili jicho lisipate nafasi ya kulinganisha nyuso, ambayo ni hekima ya Kuleshov. Mwishoni huwekwa sauti ya msimulizi, inayosema huyu ndiye yule, kama walivyofanya benshi na wafasiri wa vibandani. Mashine imechukua kazi ya kamera, ya rangi na ya mandhari. Kazi ya kukumbuka imebaki, kwa sehemu kubwa, mikononi mwa mtu.

Kwa msimulizi wa Kiswahili kumbukumbu hiyo ina mzigo wa ziada. Mtu akitaka mhusika wake avae kanga, anaweza kupewa kitambaa chenye maua tu, na mashine inapojaribu kuandika, herufi zake huweza kuvurugika. Kanga ina pindo, ina mji, yaani sehemu ya katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji, na maneno hayo ni usemi wa mvaaji kwa jirani, kwa mume au kwa mke mwenzake. Mwanamke akionekana uani na kanga yenye jina la kushukuru, kisha akaonekana sokoni na kanga ileile ikiwa na vikorokoro visivyosomeka, au na jina lingine la kusuta, kosa hilo si la vazi peke yake: hadithi imegeuka, na mtazamaji wa Tanga au wa Lamu ataanza kutafuta ugomvi ambao mwandishi hakuuweka. Karatasi ya mhusika iliyotengenezwa kwa ajili yake ni lazima iwe na jina la kanga lililoandikwa wazi, na anayehariri ni lazima alisome katika kila onyesho, akibandika kwa mkono pale mashine iliposhindwa.

Uangalifu huo ni namna ya kumheshimu anayetazama. Waliomdhania mtazamaji wa Kiafrika kuwa hawezi kufuata mshono walimpa filamu ya polepole kuhusu maji yaliyotuama, naye akaona kuku ambaye waliomtengenezea filamu hawakumwona. Mtengenezaji wa leo, aliyeketi mbele ya vipande ambavyo hakuvipiga kwa kamera wala kuvichora kwa mkono, yumo katika hatari ileile ya kutojua kilichomo ndani ya picha zake mwenyewe, na wajibu wake wa kwanza ni kuzikagua fremu kwa fremu kabla ya kuzionyesha, kwa kuwa watakaozitazama watamwona kuku, na watalisoma jina la kanga.